Umeongeza RAM, SSD au kadi ya grafiki na kompyuta imegoma kuwaka? Anzia hapa kabla hujanunua kitu kingine

Kama unasoma hii huku mashine imefunguliwa mezani na bisibisi iko mkononi, iweke chini kwanza. Mashine yako ilikuwa inawaka kabla hujaifungua, na hilo ndo jambo kubwa la kushika kuliko yote, maana linakwambia tatizo lipo kwenye kile ulichogusa, sio kwenye mashine nzima. Mi nashughulika na kompyuta za mtumba hapa Dar, zile za mezani za maofisini zinazoshuka kwa kontena, watu wanazinunua Kariakoo alafu wanaanza kuziongezea RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi), SSD (diski isiyozunguka), kadi ya grafiki (ya kutoa picha), na kinachoniuma ni kwamba wengi wanaokuja kwangu wakisema "mazabodi imekufa", yani ile bodi kubwa inayobeba kila kitu, wanakuwa wameshanunua RAM ya pili, wengine mpaka pawa saplai (boksi la umeme ndani ya mashine), hela imeenda, na kumbe RAM ilikuwa haijaingia mpaka mwisho.

Hivi karibuni alikuja dada mmoja wa chuo, mashine kaifunga kwenye khanga, katoka nayo Mbagala kwenye daladala. "Shikamoo kaka, fundi wa kule kaniambia mazabodi imeungua nitafute nyingine." Nikafungua, nikamulika na tochi ya simu. RAM mpya upande mmoja kishikio kimesimama wima kimeibana vizuri, upande wa pili kishikio kimelala nje kidogo, na hapo chini kwenye yale meno ya dhahabu kuna mstari mwembamba unang'aa, unene wa kucha tu, ndo meno yaliyotakiwa yawe ndani. Nikabonyeza kwa dole gumba, ikalia tak, nikawasha, ikawaka. "Yani ndo hivyo tu kaka?" Ndo hivyo tu dada.

Kwa hiyo twende taratibu.

Kabla ya chochote

Chomoa waya wa umeme ukutani, usizime swichi tu, chomoa kabisa. Alafu bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kama sekunde 15, umeme uliobaki ndani uishe. Kama ni laptopu chomoa chaja na utenganishe betri kwenye mazabodi kama unaweza kuifikia, maana laptopu hata ikiwa imezimwa betri inaendelea kupeleka umeme kwenye bodi, na RAM au SSD ikichomekwa hapo inaweza kuungua au ikaunguza bodi. Gusa chuma cha keisi sehemu isiyo na rangi ili umeme tuli wa mwilini utoke, na kama sakafu ni zulia basi kaa sehemu nyingine.

Sasa toa kitu kipya, rudisha cha zamani kilekile kwenye sloti (tundu lake) ileile, washa.

Ikiwaka, basi kitu kipya ndo chenye neno: ama hakiendani na mashine, ama kilikaa vibaya, ama ni kibovu, kwa mpangilio huohuo. Isipowaka hata na cha zamani, basi ulipokuwa ndani mkono wako umelegeza kitu kingine, na mara nyingi ni waya. Hii njia panda usiiruke, inakuokolea masaa.

Dalili ya 1: kimya kabisa, hakuna taa wala feni

Anza na vya nje. Nyuma ya pawa saplai kuna swichi yenye alama ya I na O, wengi huizima wakifungua mashine alafu wanasahau, inatakiwa iwe kwenye I. Jaribu tundu lingine la ukutani bila ekstensheni. Jaribu waya mwingine wa umeme.

Hivyo vikiwa sawa, ingia ndani. Ule waya mpana wa pawa unaoingia mazabodi, wa pini 24 kwenye mashine nyingi, uchomoe na uurudishe mpaka klipu yake ibane, kukaa tu pale haitoshi. Alafu tafuta ule mdogo wa pini 4 au 8 unaoingia karibu na prosesa (ubongo wa mashine), huo unasahaulika sana.

Kinachofuata ni viwaya vyembamba vya kitufe cha mbele. Ukiwa unaingiza kadi ya grafiki ndefu ni rahisi kuving'oa bila kujua. Namna ya kupima: tafuta pini mbili ambazo mazabodi imeziandikia PWR au PW, waya wa kitufe utoe, alafu gusanisha pini hizo mbili kwa ncha ya bisibisi sekunde moja tu. Hapo umeme ni mdogo sana, haukudhuru. Mashine ikiwaka ujue shida ni kitufe au waya wake. Ila hakikisha ni pini hizohizo mbili, usiguse nyingine.

Alafu kuna shoti. Skrubu moja imedondoka imelala chini ya mazabodi, pawa saplai inahisi shoti na inakataa kuwaka ili kujilinda. Tikisa keisi taratibu usikilize. Kama umebadilisha mazabodi yenyewe, cheki vile viguzo vya rangi ya shaba vinavyoibeba, kikibaki kimoja mahali ambapo bodi haina tundu kinagusa mgongo wa bodi na hapo hamna kitu kitawaka.

Sasa hili lifuatalo nalisema kwa uchungu. Pawa saplai nyingi za zamani zina kiswichi chekundu nyuma, kimeandikwa 115 na 230. Marekani wanatumia umeme wa karibu volti 120, Japani 100, sisi ni 230, kwa hiyo mashine au pawa saplai iliyotoka huko inaweza kufika kiswichi kikiwa kwenye 115. Ukichomeka hivyo hivyo kwenye umeme wetu inapasuka palepale kwa kishindo na harufu. Mi ilishanitokea na mashine ya mteja, nilikagua kila kitu ndani nikasahau kugeuza macho nyuma, nikailipa pawa saplai yake kwa hela yangu. Tangu siku hiyo nikishika pawa saplai mkononi kitu cha kwanza naangalia mgongo wake. Zile zilizoandikwa 100-240 hazina kiswichi hiki, zinajirekebisha zenyewe.

Ukiwa umepita yote haya bado kimya, ndo uazime pawa saplai nyingine unayojua ni nzima ujaribu. Ila angalizo kwa wenye mashine za Dell, HP na Lenovo za ofisini: baadhi yake pawa saplai haitumii ile pini 24 ya kawaida. Kwa mfano OptiPlex 9020 mazabodi yake inaingia waya wa pini 8, na huo sio ule wa pini 8 wa prosesa wala wa kadi ya grafiki hata kama unafanana. Kuna adapta zake maalumu. Usilazimishe waya kuingia popote, ukiona unasukuma kwa nguvu basi sio wake.

Dalili ya 2: inawaka sekunde moja inazima, au inawaka na kuzima yenyewe bila kukoma

Hapa mashine inajaribu alafu inakutana na kitu kinachoikataza kuendelea. Sababu ya kwanza kabisa ninayokutana nayo ni ule waya wa prosesa wa pini 4 au 8, haujachomekwa au umechomekwa nusu. Ya pili ni RAM. Toa zote acha moja, ijaribu kwenye kila sloti, alafu jaribu nyingine.

Kama uliinua hitisinki ya prosesa (kile chuma cha kuipoza), angalia imekaa sawa na imebana pembe zote nne, feni yake imechomekwa kwenye sehemu iliyoandikwa CPU_FAN, na ile karatasi ya plastiki iliyo chini ya hitisinki mpya umeibandua. Hiyo plastiki watu wanaiacha kweli, prosesa inapata moto ndani ya muda mfupi na mashine inajizima. Na pesti (ile laini ya kupitisha joto) uliyoinua mara moja hairudiwi, futa ya zamani yote weka mpya kiasi cha punje ya njegere.

Kama umeweka kadi ya grafiki, itoe. Ikiwaka bila kadi basi mara nyingi umeme hautoshi, nitalieleza chini.

Kama umebadilisha pawa saplai ya aina ile ambayo waya zake zinachomoka pande zote mbili, na ukaacha waya za zamani ndani ukachomeka tu boksi jipya, ZIMA SASA HIVI uchomoe ukutani. Upande wa mazabodi waya hizo zinafanana kwa kampuni zote, lakini upande wa pawa saplai kila kampuni inapanga pini zake inavyotaka, hata modeli mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana. Volti 12 inaingia mahali pa volti 5, na SSD, hadi diski (HDD, ile diski inayozunguka) na mazabodi vinaungua kwa mpigo. Tumia waya zilizokuja na boksi hilohilo, basi.

Kitu kimoja cha kukutuliza: kama mashine ni mpya ya DDR5 (aina mpya ya RAM), mara ya kwanza baada ya kubadilisha RAM inaweza kukaa na skrini nyeusi dakika kadhaa, hata kujizima na kujiwasha, inajifunza RAM mpya. Usiikatize, ipe dakika 10 hadi 15 kabla hujasema imegoma.

Dalili ya 3: feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi

Hii ndo inayoleta watu wengi na ndo yenye mambo mengi kwa hiyo kaa nayo.

Kama umeweka kadi ya grafiki, waya wa monita uko wapi? Nyuma ya mashine sasa kuna sehemu mbili za kuchomeka HDMI, ile ya mazabodi inayosimama wima na ile ya kadi iliyolala chini. Mashine nyingi zikiona kadi zinafunga ile ya mazabodi, kwa hiyo waya uende kwenye kadi. Alafu cheki monita imechaguliwa njia sahihi kwa kitufe chake. Najua inaonekana kitu kidogo, lakini anza hapo.

Bado? Angalia kama kadi ina tundu la umeme juu yake. Sloti yenyewe inatoa mpaka wati 75, waya wa pini 6 unaongeza 75 na wa pini 8 unaongeza 150. Kadi yenye tundu ambayo hujaichomekea umeme mara nyingi feni inazunguka lakini picha hamna. Sasa mashine ndogo za ofisini nyingi zina pawa saplai ya wati 240 hivi na hazina waya wa kadi kabisa, ndo maana watu wanaoelewa wanaziwekea kadi kama GTX 1050 Ti ya wati 75 isiyo na tundu, tena ile fupi. Ukiiletea RX 580 inayokula wati 185 utakuwa unaitesa. Na tafadhali achana na vile viadapta vinavyogeuza waya wa SATA (ule wa umeme wa diski) kuwa pini 8, kichwa cha SATA kimetengenezwa kubeba kama wati 54 tu upande wa volti 12 na wewe unakidai 150, kinayeyuka, na kikiyeyuka moto unakuwa ndani ya nyumba yako.

Kadi za zamani sana nazo zinaweza kukosa picha kwenye mashine mpya inayobuti (inayoanzisha Windows) kwa UEFI, ule mfumo mpya wa kuwashia, peke yake, na hapo unarudisha monita kwenye mazabodi bila kadi, unaingia BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe kabla ya Windows), unawasha ile sehemu inayoitwa CSM, ya kukubali vitu vya zamani, kama ipo.

Sasa RAM. Ikae kwanza: vishikio vyote viwili vimesimama wima, kile kipengo cha katikati kimekutana na kijinundu cha sloti, meno yasionekane. Sloti zikiwa nne na RAM ni mbili, kwa mazabodi nyingi zinaingia ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Meno yakiwa na uchafu yafute kwa ufutio wa penseli taratibu, pangusa vumbi la ufutio, au tumia spiriti kavu na kitambaa laini. Maji hapana, na usikwangue na kisu kama nilivyoona kwa wengine.

Imekaa vizuri na bado inagoma? Soma stika yake, mambo yote yameandikwa pale. DDR3 na DDR4 hazibadilishani na hazitaingia sloti moja kwa sababu kipengo hakikai mahali pamoja, ukiona mtu kalazimisha hapo sloti imeshapasuka. Lakini kuna zinazoingia sawasawa na bado hazifanyi kazi, na hizi ndo zinazoumiza watu. Chukua RAM mbili za DDR3 uziweke pamoja chini ya taa. Moja imeandikwa PC3-12800U, ya pili PC3-12800R. Tofauti ni herufi moja ya mwisho. U ni ya kompyuta ya kawaida, R ni ya sava (zile kompyuta kubwa za kuhudumia mtandao), na hiyo R inauzwa bei ya kutupa kwa sababu sava zilizostaafu ni nyingi, kijana anaona GB 16 kwa hela ndogo anaona kapata, akifika nyumbani skrini nyeusi. Haiwezi kufanya kazi kwenye mashine ya kawaida, usiibadilishie sloti mpaka usiku, irudishe dukani.

Kwenye laptopu angalia PC3 na PC3L. Ile L maana yake inatumia volti 1.35 badala ya 1.5, na laptopu nyingi za prosesa ya Intel kizazi cha 4 zinataka hiyo ya L tu. Ya bila L inaingia vizuri kabisa kwenye sloti na haiwaki. Pia kuna DDR3 za bei rahisi zimeandikwa ni za AMD, kwenye mashine ya Intel hazitakubali, hapo RAM sio mbovu, imetengenezwa tofauti. Na mashine yenyewe ina kikomo, zile za Intel kizazi cha 2 na cha 3 kila sloti inakula mpaka GB 8, ukiweka moja ya GB 16 umeipa kitu isichokijua.

Kama ulichobadilisha ni prosesa, uliza kwanza kama mazabodi inaikubali, kuingia kwenye soketi (tundu la prosesa) hakutoshi. Soketi ya LGA1151 ya Intel ilitumika kwa kizazi cha 6 na 7, alafu ikatumika tena cha 8 na 9, umbo lilelile lakini mazabodi za mwanzo hazikubali prosesa za baadaye. Upande wa AMD, Ryzen za 5000 kwenye mazabodi ya B450 zinataka BIOS iapdetiwe kwanza, na uapdeti ukiwa bado na prosesa ya zamani ndani. Prosesa za Intel zenye F mwishoni, kama i5-12400F, hazina grafiki yake, kwa hiyo bila kadi hutaona picha hata mwaka mzima. Alafu pini, kwa hizi za Intel: toa prosesa uangalie soketi kwa pembeni na tochi, pini zinatakiwa zing'ae kwa mpangilio mmoja kama shamba lililopandwa kwa kamba, ukiona sehemu moja mwanga umevunjika basi kuna iliyopinda. Hapo acha. Usiinyooshe na sindano kama hujawahi, ikikatika umeipoteza bodi.

Cha mwisho kwenye dalili hii ni kurudisha BIOS ilivyotoka kiwandani. Mashine ikiwa imechomolewa ukutani, toa ile betri ya duara CR2032, subiri dakika 5 hadi 10, rudisha. Betri yenyewe kwenye mashine za mtumba mara nyingi imeshachoka, kama inasoma chini sana ya volti 3 weka mpya. LAKINI kabla hujaitoa soma dalili ya 5, maana kutoa betri kunaweza kukuzalishia tatizo jingine.

Dalili ya 4: inalia bipu au taa inamwekamweka

Hii ni habari njema, mashine inakwambia yenyewe. Chukua simu rekodi video, maana kuhesabu kwa macho unakosea. Kila kampuni ina lugha yake. Dell nyingi za miaka ya karibuni taa ya machungwa mara 2 na nyeupe mara 3 ni kwamba haioni RAM. HP za mezani mpya nyekundu mara 3 na nyeupe mara 2 ni RAM, nyekundu 3 nyeupe 3 ni grafiki. Kwa mashine nyingine tafuta kitabu cha modeli yako hasa, usichukue maelezo ya modeli jirani. Mazabodi mpya za kuunganisha mwenyewe zina vitaa vidogo vinne vimeandikwa CPU, DRAM, VGA, BOOT, kile kitakachobaki kinawaka ndo ukishughulikie.

Dalili ya 5: nembo ya kampuni inatokea, alafu inasema hakuna diski ya kubuti

Hapa shangilia kidogo, prosesa, RAM na umeme viko sawa, kinachotafutwa ni diski tu. Usianze kufomati.

Ingia BIOS, F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 au F2 kwa Lenovo, uangalie kama SSD inaonekana.

Haionekani: rudia kuchomeka, waya wa SATA na wa umeme vyote viwili, badilisha waya, badilisha tundu. Kama ni ile SSD nyembamba ya M.2 kuna mtego, zipo za NVMe (aina mpya yenye kasi) na zipo za SATA (aina ya zamani), umbo linakaribia kuwa moja, na sloti nyingine zinakubali aina moja tu. Yenye kipengo kimoja mara nyingi ni NVMe, yenye viwili mara nyingi ni SATA. Kwenye mazabodi nyingine ukijaza sloti ya M.2 tundu moja au mawili ya SATA yanazimwa, kwa hiyo diski yako ya zamani inapotea, we unadhani imekufa, kumbe ihamishie tundu lingine tu. Na mashine za zamani kama za kizazi cha 3 NVMe ukiiweka kwa adapta Windows inaweza kuiona kama diski ya kuhifadhia vitu, lakini BIOS yake haijui kubuti kutoka hapo. Kwa mashine hizo chukua SSD ya SATA, itakupa raha hiyohiyo.

Inaonekana lakini haibuti: angalia mpangilio wa kubuti iwe ya kwanza. Alafu uliza, ulitoa betri ya BIOS? Kama ndio basi mipangilio imerudi mwanzo, huenda Windows yako iliwekwa kwa Legacy (mfumo wa zamani wa kubuti) na sasa BIOS iko UEFI au kinyume, au ilikuwa AHCI sasa imerudi RAID (njia mbili tofauti za mashine kusoma diski), na Dell za ofisini ukizirudisha mwanzo huwa zinakwenda RAID. Irudishe ilivyokuwa, jaribu moja baada ya jingine, hakuna data inayopotea kwa kubadilisha hapo.

Tatizo jingine linalojirudia sana: uliweka Windows kwenye SSD huku hadi diski ya zamani ikiwa imechomekwa, ikafanya kazi miezi, leo umetoa hadi diski na mashine haibuti. Sababu ni kwamba kile kipande kidogo cha kubutia, cha MB 100 hivi, Windows ilikikuta kwenye diski ya zamani ikakitumia hichohicho. Irudishe diski, itawaka. Kisha bakapu vitu vyako, na ukija kuweka Windows upya chomoa diski nyingine zote kwanza. Kwa waliokloni diski, yani kunakili yote ya zamani kwenda SSD, ni hivyohivyo, mara ya kwanza kuwasha iache SSD peke yake ndani, ile ya zamani iweke pembeni na usiifute mpaka wiki mbili zipite salama.

Dalili ya 6: Windows inaanza alafu skrini ya bluu, au inaomba namba ndefu

Ikiomba ufunguo wa tarakimu 48 hiyo ni BitLocker (kufuli la Windows la diski), imeona prosesa, mazabodi au BIOS imebadilika ikadhani mashine imeibiwa. Ufunguo mara nyingi uko kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuisetia mashine, ingia kwa simu uutafute. Kama mashine ni ya ofisi muone mtu wa IT wa ofisi. Usikubali mtu akwambie ataipita, bila ufunguo njia iliyobaki ni kufuta kila kitu. Na kwa ambaye bado hajaanza kubadilisha, sitisha BitLocker kwanza na uuandike ufunguo kwenye karatasi.

Skrini ya bluu ikisema INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE rudi kwenye habari ya AHCI na RAID hapo juu. Ikiwa bluu inakuja na maneno tofauti kila mara, shuku RAM, hasa kama umechanganya mpya na ya zamani. Zima XMP (inayoikimbiza RAM zaidi) kwenye BIOS, jaribu RAM moja moja, alafu ziache na MemTest86 (programu ya kupima RAM) kwenye flashi usiku kucha. Kosa hata moja tu, RAM hiyo irudi dukani.

Hapa acha mwenyewe, mpe fundi

Harufu ya kuungua, moshi, au cheche: chomoa ukutani na usijaribu "mara moja tu ya mwisho". Pawa saplai usiifungue kabisa hata kama feni yake tu ndo mbovu, ndani kuna kapasita zinazobaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa, hiyo sio ya kujifunzia. Betri ya laptopu imevimba, kifuniko kimeinuka au padi ya kipanya imesukumwa juu: usiibonyeze, usiitoboe, usiichaji. Ukigusa keisi inakupiga shoti ya umeme, hapo tatizo linaweza kuwa nyumba haina ethi (waya wa ardhini), mwite fundi umeme kabla ya fundi kompyuta. Hadi diski inagonga tik tik tik na ndani kuna kazi zako: izime, kila dakika inayozunguka inajichuna zaidi. BIOS imekatika umeme katikati ya kuapdeti na sasa mashine ni kimya, kuna mafundi wenye kifaa cha kuandika upya ile chipu, inatengenezeka.

Na ukienda kwa fundi beba vyote, kitu kipya na cha zamani, pamoja na waya zake na risiti ya dukani, alafu mwambie ukweli ulifanya nini na kwa mpangilio gani hata kama unaona aibu. Yule dada wa Mbagala alikuja na RAM yake ya zamani kwenye kimfuko, nikaichomeka kwenye sloti ya pili pembeni ya ile mpya, akaondoka na GB 12 badala ya 8.